Mama Asiyekuwa na Ushuhuda

Kipindi cha ushuhuda kilikuwa kinaelekea ukingoni. Wawili walikwisha kusimama: mmoja alikuwa amepata kazi baada ya kufunga na kuomba, mwingine mtoto wake alikuwa ametoka hospitali. Tulikwisha kupiga makofi na kusema amina, na kiongozi wa kikundi alikuwa anatafuta mtu wa mwisho. Akamgeukia mama mmoja mtu mzima ambaye siku zote hukaa karibu na mlango.

"Mama, na wewe Bwana amekutendea nini?"

Mama akasimama taratibu, akishikilia mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Bwana asifiwe. Mimi leo sina ushuhuda. Nilichoomba sijapata. Ila bado nipo."

Akaketi.

Mtu mmoja alisema amina kwa sauti ya kama anauliza. Kiongozi akatabasamu, akasema, "Mama anaupokea muujiza wake kwa imani!" na papo hapo akaanzisha pambio. Wote tukaitikia. Lakini mimi nilikuwa namtazama mama, na nilimwona akitikisa kichwa aliposikia hilo neno "anaupokea". Alikuwa anakataa.

Tangu siku hiyo maneno yake hayajaniacha. Nimejaribu kuyapuuza, nimejiambia huyu ni mzee amechoka tu, na bado yanarudi nikiwa nimekaa ibadani nasikiliza kitu kingine kabisa.

## Kumtetea Mungu asiaibike

Aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha maombi anajua ushuhuda unavyokwenda. Nilikuwa na shida, nikaomba, Mungu akajibu. Sina ugomvi na ushuhuda wa namna hiyo. Zaburi zimejaa watu waliolia wakasikiwa, na ningekuwa mtovu wa shukrani kama ningesema mimi mwenyewe sijawahi kusikiwa.

Kinachonisumbua ni somo ambalo hakuna aliyelifundisha na wote tumelielewa: mwenye imani kubwa ni yule mwenye majibu mengi, na asiye na jibu ana mahali pa kurekebishwa. Tukishalielewa hivyo, tunaanza kuungaunga. Homa iliyoshuka jioni tunaiita uponyaji kabla asubuhi haijafika. Mtu aliyeitwa kwenye usaili anatangaza kwamba amepata kazi. Ndoa iliyonyamaza kwa wiki mbili inasemwa imerejeshwa. Wanaosema hivyo si waongo. Wengi ni watu wema wanaompenda Mungu, na hawataki aonekane ameshindwa mbele ya wageni.

Kumtetea Mungu asiaibike. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu, kisha nikajiuliza kama Mungu mwenyewe amewahi kuomba atetewe hivyo.

Ayubu aliwauliza rafiki zake jambo hilohilo, katika sura ya 13: je, mtasema yasiyo haki kwa ajili ya Mungu? Hao rafiki walikuwa wanamtetea Mungu kwa nguvu zote. Kila hotuba yao ingepata amina katika vikundi vyetu. Na mwisho wa kitabu, Mungu anasema hasira yake imewaka juu yao kwa sababu hawakunena habari zake yaliyo sawa, kama Ayubu alivyonena. Ayubu, yule aliyekuwa akilalamika sura baada ya sura!

Hapo ndipo nilipoanza kusoma upya habari za watu tunaowaita mashujaa wa imani. Safari hii niliacha kutafuta ushindi wao. Nilitaka kuona wakati usio na jibu wanasemaje.

## Miaka 13 kati ya mistari miwili

Mstari wa mwisho wa Mwanzo 16 unasema Abramu, ambaye baadaye aliitwa Ibrahimu, alikuwa na miaka 86 Hajiri, mjakazi wa mkewe, alipomzalia Ishmaeli. Mstari wa kwanza wa sura ya 17 unasema Abramu alikuwa na miaka 99 Bwana alipomtokea.

Hakuna kitu katikati.

Miaka 13 imepita kwenye nafasi ambayo jicho halihitaji hata kupepesa kuivuka. Hakuna maono, hakuna madhabahu mpya, hakuna malaika. Kulikuwa na mtoto aliyekuwa anakua, ambaye baba yake huenda alikwisha kuamini kwamba ndiye ile ahadi ya uzao aliyopewa na Mungu. Nasema hivyo kwa sababu Mungu aliposema Sara atazaa, Ibrahimu alianguka kifudifudi akacheka, halafu akamwombea Ishmaeli. Alikuwa tayari kupokea kile kilichokwisha kuwapo. Ukihesabu tangu alipotoka Harani akiwa na miaka 75 hadi Isaka alipozaliwa, ni miaka 25.

Paulo alizijua habari hizo zote. Alijua kicheko na alijua Hajiri. Bado katika Warumi 4 anaandika kwamba Ibrahimu hakusita kwa kutokuamini, bali alitiwa nguvu kwa imani. Nilikuwa nikiusoma mstari huo nikidhani Paulo anampamba babu yetu. Sasa nadhani alikuwa anatazama kutoka mbali zaidi kuliko sisi. Sisi tunapima imani ya mtu kwa Jumapili hadi Jumapili. Paulo alikuwa anatazama robo karne, na kwa umbali huo kicheko kinaonekana kidogo, ila hakijafutwa. Mwandishi wa Mwanzo hakukificha, na mtoto mwenyewe alipewa jina linalokikumbusha.

Ningependa kujua Ibrahimu angesema nini kama angeombwa ushuhuda akiwa na miaka 93.

## Trofimo

Kuna mstari mmoja ambao sijawahi kuusikia ukihubiriwa. Uko 2 Timotheo 4:20, kati ya salamu, mahali ambapo wengi wetu huwa tumekwisha kufunga Biblia: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Hawezi, yaani ni mgonjwa.

Nitaeleza kwa nini nilisimama hapo.

Zamani kidogo, rafiki yetu mmoja aliugua. Tulikesha, tukafunga, tukapakwa mafuta sote na mgonjwa wetu. Hali yake ilipozidi, mtu mmoja kati ya waliokuja kuomba alitoka chumbani, akatuambia sisi tuliokuwa nje kwamba kuna mtu humu ndani haamini, ndiyo maana. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Nilimwona mke wa mgonjwa akijitazama mikono. Rafiki yetu hakupona. Msiba ulipoisha, maneno yale hayakuisha, kwa sababu kila aliyekuwapo alirudi nyumbani na shaka kwamba huenda ni yeye.

Sasa mtazame Trofimo. Matendo 21:29 panasema alikuwa Mwefeso. Efeso ndiyo mji ambako, kwa Matendo 19, leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Mtu wa mji huo huo, rafiki na msafiri mwenza wa mtume huyo huyo, ameachwa mgonjwa Mileto, karibu kabisa na kwao. Na mpokeaji wa barua, Timotheo, ni yule ambaye katika barua ya kwanza Paulo alimwambia akae Efeso, kisha akamshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Katika habari za wawili hao Paulo hasemi kwamba imani ilikuwa ndogo, ya Trofimo, ya Timotheo wala ya kwake mwenyewe. Kuhusu Trofimo, haelezi chochote zaidi.

Anasema tu ilivyo. Hawezi, nimemwacha.

Mara ya kwanza niliposoma hivyo nilikasirika kidogo. Nilitaka maelezo. Baadaye ndipo nilipoona kwamba mtu aliyekuwa na haki kuliko wote ya kupamba barua yake hakuipamba. Alikuwa amefungwa, anajua kufa kwake kumekaribia, wengi wamemwacha, na hata hapo hakuona kwamba Injili itaanguka kama Timotheo akijua kuna ndugu hajapona.

Sikumwona tena yule mwombaji wa siku ile. Ningemwona, mstari huo ndio ningempa, bila kuongeza neno.

## Nilimwuliza mwenyewe

Hatimaye nilimfuata mama. Nilimkuta amebaki peke yake baada ya ibada, nikamsalimia shikamoo, nikamwambia lile jambo alilosema limenikaa.

Alicheka. "Lipi, mwanangu? La kusema sina?"

Nikamwambia ndiyo, na hasa lile la kutikisa kichwa.

"Wewe uliona!" akasema. Akakaa kimya kidogo. "Walishaniambia nishukuru kana kwamba kimeshatokea. Hakijatokea. Mungu anajua hakijatokea, na mimi najua. Sasa tukikaa naye usiku kuzungumza, nitamwambia nini, kama mchana nimesema kingine?"

Nikamwuliza kama hilo halimpunguzii imani.

"Mtu usiyemwamini ndiye unayemchagulia maneno," akasema, kisha akaomba nimsaidie kubeba mfuko wake.

Nilikuwa nimekwenda nikidhani nitakuta uchovu. Nilikuta mtu ambaye uhusiano wake na Mungu hauwezi kubeba uongo, hata uongo unaosemwa kwa nia njema. Hakuwa amenung'unika siku ile, na hakuwa amekata tamaa. Alikataa kusema kitu ambacho hakijatokea, basi.

## Waebrania wananiharibia hesabu

Hapo ningeweza kumaliza, niseme imani iliyokomaa ni kudumu na kusema kweli, na mama wa karibu na mlango ni mfano wetu. Tatizo ni barua kwa Waebrania.

Sura ya 5 inawaambia wasomaji wake kwamba kwa muda uliopita iliwapasa wawe waalimu, nao bado wanahitaji maziwa. Maana yake wao pia walikuwa bado wapo! Tena walikuwa wameteswa. Sura ya 10 inawakumbusha siku za kwanza walipostahimili mashindano makubwa ya maumivu, wakakubali kwa furaha kunyang'anywa mali zao. Hebu fikiria: watu waliowahi kufurahi wakiporwa kwa ajili ya Kristo wanaitwa watoto wachanga.

Kwa hiyo kukaa muda mrefu hakukuzi. Hata kuteseka hakukuzi kwenyewe. Mtu anaweza kubaki kanisani kwa mazoea, kwa kuogopa majirani, kwa sababu kiti chake kinajulikana. Anaweza pia kuwa amechoka tu, hategemei lolote tena, na uchovu huo akauita ukomavu. Nimewaona waumini wa zamani wakimsikiliza aliyeokoka juzi akisimulia kwa machozi, nao wakitazamana kwa tabasamu la "ngoja utaona". Tabasamu hilo linanitisha kuliko kelele za kijana yule.

Waebrania 5:14 panasema watu wazima ni wale "ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya." Kwa kutumiwa. Nimeusoma mstari huo mara nyingi, na kila mara jicho langu lilikimbilia maneno ya mwanzo wake, "chakula kigumu", nikifikiri ni mafundisho mazito: unabii, hesabu za nyakati, mambo ya ndani. Mwandishi anazungumzia kupambanua. Anazungumzia akili iliyofanya kazi hiyo mara nyingi katika mambo ya kila siku, mpaka inatambua jambo baya hata likija limevaa nguo za ibada.

Nikakumbuka kichwa kilichotikisika. Kiongozi wetu alitoa sentensi nzuri, yenye neno imani ndani yake, mbele ya watu, kwa upendo. Wengi wetu tuliimeza. Mama aliipambanua kabla pambio halijaanza.

## Swali kutoka gerezani

Hata hivyo, kuna wakati mtu hana hata nguvu ya kupambanua. Yohana Mbatizaji alikuwa amemwonyesha Yesu kwa kidole, akasema tazama, Mwana-kondoo wa Mungu. Kisha akafungwa. Akiwa gerezani, kwa Mathayo 11, anatuma wanafunzi wake wakaulize: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?"

Swali hilo lingemwondoa kwenye orodha ya wahubiri wa makongamano yetu mengi.

Yesu hamkemei. Anawaambia wale wajumbe wampelekee wanayoyasikia na kuyaona: vipofu wanapata kuona, viwete wanakwenda, wafu wanafufuliwa. Kufunguliwa kwa wafungwa hakumo katika orodha hiyo, na Yohana hakufunguliwa. Wajumbe walipokwisha kuondoka, ndipo Yesu anapougeukia umati na kusema kwamba katika wazao wa wanawake hajaondokea mkuu kuliko huyu. Sifa hiyo Yohana hakuisikia. Ilitolewa nyuma ya mgongo wake, siku hiyo hiyo aliyouliza swali la shaka.

Wengine wanafafanua kwamba Yohana aliuliza kwa ajili ya wanafunzi wake tu, yeye hakuwa na shaka. Inawezekana. Lakini naona harufu ya ule utetezi wetu wa kumwokoa shujaa asiaibike.

Ninalolishika ni kwamba swali lake alilituma kwa Yesu mwenyewe. Hakulizungusha gerezani.

## Wenye nguvu wana kazi

Tukisema "imara katika imani" huwa tunapiga picha ya mtu asiyetikisika. Warumi 14 na 15 zina picha nyingine, na kwangu ilikuwa ngumu kumeza.

Kwanza, anayeitwa dhaifu pale ni yule mwenye masharti mengi. Anakula mboga tu, anatenga siku hii na ile. Kwetu huyo ndiye angeonekana wa kiroho zaidi. Pili, Paulo akishakubali kwamba wenye uhuru ndio wenye nguvu, hawapi nafasi ya kujivuna hata kidogo. Anawaambia imewapasa kuuchukua udhaifu wao wasio na nguvu, wala wasijipendeze wenyewe. Kama chakula changu kinamkwaza ndugu yangu, nakiacha, ingawa najua si najisi.

Kwa kipimo hicho, swali la kama nimekua silijibu mimi. Wanalijibu walio dhaifu wanaokaa karibu nami. Je, wanapumua? Yule mke wa rafiki yetu, angekaa na mimi leo, angeweza kusema alivyo bila kuogopa kwamba nitamtafutia kosa? Waefeso 4 nayo inasema "sisi sote" tutakapoufikia umoja wa imani hata kuwa mtu mkamilifu. Sote tunakua kuwa mtu mmoja. Sijui kwa nini nilidhani naweza kukomaa peke yangu, nikiwasubiri wengine mbele.

## Bado naomba vitu

Rafiki mmoja aliposikia mawazo haya aliniambia, "Basi wewe umeacha kuamini miujiza." Sijaacha. Hatari hiyo lakini ipo, na naiona ndani yangu: mtu anayejifunza kuishi bila jibu anaweza kuacha kuuliza, akatanguliza "mapenzi yako yatimizwe" haraka haraka ili asiumie.

Bwana wetu Getsemane hakuanza na hilo. Aliomba kitu chenyewe kwanza, kikombe kimwepuke, na kwa Mathayo 26 aliomba mara tatu akisema maneno yale yale. Paulo naye alimsihi Bwana mara tatu kuhusu kile alichokiita mwiba katika mwili wake, kabla ya kusikia kwamba neema yamtosha. Siku hizi najilazimisha kulitaja ombi kwa jina lake kabla ya kulikabidhi. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani.

## Mjadala ambao haujaisha

Nimemweleza haya kiongozi wetu. Ni mtu mwema, alisikiliza, na akanipa hoja ambayo siwezi kuitupa. Alisema tukiruhusu watu wasimame waseme hawajapata, walioanza juzi watavunjika moyo. Wanahitaji kusikia kwamba Mungu hujibu. Nami nakubali wanahitaji. Nilihitaji mwenyewe nilipoanza.

Nikamtajia Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mahali fulani, hata ile ya 13 yenye mistari sita tu inamalizia kwa kumwimbia Bwana. Ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wangu, inalia mchana na usiku, na inakwisha gizani. Yeye akasema hiyo ni zaburi ya kusoma mtu akiwa chumbani kwake, si ya kusanyiko.

Nikamwomba afungue Biblia yake, asome maneno madogo yaliyo juu ya mstari wa kwanza. Imeandikwa kwa mwimbishaji. Ni ya wana wa Kora, waimbaji wa hekaluni. Walipewa waiimbe mbele ya watu wote, pamoja na wale walioanza juzi.

Aliisoma mara mbili, akasema atalifikiria. Jumapili inayokuja ni zamu yake kuchagua zaburi.